Jina Nililompa Baba Aimbe

Sina rafiki wa kumwambia haya, na hata ningekuwa naye mdomo wangu ungekataa. Ndiyo maana naandika. Lakini usifikiri nimetunga. Nilikuwa hapo, nilimwona, niliongea naye.

Baba yangu ni mwimbaji. Anapiga gitaa la bluegrass, ule muziki wa mbiombio wa Wazungu wa milimani kule Marekani. Alijifunza kwa kanda za redio akiwa kijana hapa Burumba, mpakani. Watu walimcheka miaka mingi: "Kauboi, ng'ombe wako wako wapi?" Hakuacha. Akaanza kuitwa kwa harusi na matanga, mimi nikawa sauti yake ya pili, kwa sababu kuimba naweza. Ni kuongea ndiko kunanishinda. Mwaka huu hoteli moja ya Malaba ikamwahidi jukwaa kila Jumamosi. Hiyo siku baba aliingoja tangu kabla sijazaliwa.

Wiki moja kabla ya Jumamosi ya kwanza, tulienda kupiga kwa mazishi karibu na Kocholia. Watu hupenda kutajwa ndani ya wimbo, na majina huniletea mimi. Baba ana sheria moja tu ya matanga: mtu asiyejulikana na wenye boma hatajwi. Lazima niulize, "Nani hapa anakujua?"

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nilikuwa nyuma ya hema nikinywa maji, mwanaume mmoja akaja. Alivaa sweta nzito na kushika sahani ya wali na nyama, imejaa. Nzi walikuwa kwa kila sahani siku hiyo, isipokuwa yake. Niamini, niliona hilo.

"Dada, wewe ndio unaimbanga na kauboi?"

"Ndiyo."

"Mwambie aniimbe. Mimi sijawahi kuimbwa."

Akanipa jina. Unajua kwa nini sikuuliza? Aibu. Mtu mzima, nimhoji kama askari wa mpaka? Niliangalia viatu vyangu nikasema sawa. Nilipoinua macho hakuwepo. Sahani tu, chini kwa nyasi, bado imejaa.

"Umeuliza?" baba akasema nilipompelekea jina.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaliimba, na mimi nikamfuata na sauti yangu. Wanawake wakaacha kulia. Mama ya marehemu, mzee sana, akaja mpaka mbele ya gitaa.

"Hilo jina mmetoa wapi?"

Baba akaniangalia mimi.

"Huyo ni kifungua mimba wangu," mama akasema. "Mto ulimbeba wewe kauboi hujazaliwa. Mwili hatukupata. Hatukuzika, hakuna aliyemwimbia. Sasa mmemwita. Nani atamrudisha?"

Jumamosi, hoteli ya Malaba ilijaa madereva wa malori. Vidole vya baba vilikimbia vizuri kuliko siku zote. Akafungua mdomo, likatoka lile jina. Akacheka, akaanza upya. Jina. Akabadilisha wimbo. Jina. Madereva walidhani ni mchezo, wakapiga makofi, halafu wakachoka.

"Kauboi amelewa huyo! Mpeni ng'ombe wake aende!"

Mwenye hoteli akamshika bega. "Boss, pumzika kidogo." Hakumwita tena.

Akiongea ni mzima kabisa. Ni akiimba tu ndipo linatoka hilo jina. Tumeombewa, haikusaidia. Tulirudi kwa yule mama, akatuambia hata yeye hajui la kufanya. Kanisani baba hasimami tena wakati wa nyimbo, na siku hizi anavusha mizigo ya watu mpakani kwa baiskeli. Sijamwambia kwamba sikuuliza. Nafikiri anajua. Hanigombezi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Leo asubuhi ndugu yangu wa miaka mitatu alikuwa anacheza na maji kwa karai, akijiimbia. Kocholia hakwenda. Nyumbani hatulitaji. Lakini alikuwa analiimba lile jina, lote, bila kukosea. Baba akaacha chai yake mezani, akatoka, na hajarudi.

Jina lenyewe siliandiki hapa, usilitafute. Na wewe unayeimbia watu matangani, ukiletewa jina, uliza. Uliza hata kama uso unakuchoma kwa aibu. Wangu unachoma mpaka sasa, na mtoto yuko hapo nje, bado anaimba.