Moshi wa Ndizi Kwenye Turbo

Mke wangu ni mwalimu mkuu, na hukumu zake hazina rufaa. Alinipa hadi Jumapili. Tukitoka kanisani nimpakie kwenye gari langu, nipande naye mlima ulio kwenye njia ya kwao Kaisho, bila kusimama. Nikifika juu, gari linabaki. Nikishindwa, Jumatatu asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulibeba, na mbuzi wanarudishiwa banda lao.

Simlaumu. Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, la milango miwili, na lilitoka kiwandani mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nilipolinunua lilikuwa linatembea vizuri. Ni mimi niliyeona kwamba linahitaji turbo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kiisukumie injini hewa zaidi. Nikapata iliyotumika, fundi mmoja wa Bukoba akaifunga, akaunganisha na kikompyuta cha kurekebisha petroli, kisha akanikabidhi funguo. "Vipimo utamalizia mwenyewe," akasema. "Wewe si umesoma?"

Nimesoma, ndiyo. Historia.

Kwa miezi mitatu nilikwenda mlimani karibu kila Jumamosi. Nikikanyaga mafuta, gari lilitoa moshi mweusi, likakohoa, likanyong'onyea katikati ya mwinuko. Moshi mweusi maana yake petroli imeizidi hewa, kwa hiyo nikaipunguza kwenye kompyuta. Mlima ukaendelea kunishinda, na sasa hata kwenye tambarare injini ikaanza kugongagonga kwa njaa. Nikaongeza. Ikakohoa. Nikachora majedwali, nikayapaka rangi, ya kijani kwa matumaini na nyekundu kwa ukweli. Siku moja, nikiwa nimekwama pale pale, nilipitwa na bodaboda iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi na mama mmoja juu yake. Yule mama alinipa pole kwa sauti ya msibani.

Ijumaa kabla ya siku yangu ya hukumu, jirani yangu alipita bandani. Huyu tulikaa naye dawati moja pale Kiruruma hadi darasa la saba. Mimi nikaendelea na shule, yeye akaendelea na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hadi leo wanaomnywa ni wengi kuliko wanaonisoma.

"Msomi, bado unamsomea mgonjwa vitabu?"

"Petroli imezidi," nikamjibu, kichwa changu kikiwa chini ya boneti.

"Wiki iliyopita ulisema imepungua."

"Wiki iliyopita ilipungua."

Alicheka mpaka akaegemea nguzo ya banda. Kisha akataka nimwonyeshe hewa inapita wapi. Nikamwonyesha kama namfundisha mtoto. Inaingia hapa, kwenye kifaa cha kuipima. Turbo inaisukuma kwenye mabomba haya, mabomba yanaifikisha kwenye injini. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopimwa pale mlangoni.

"Na ikivuja njiani?"

Nikashika spana.

"Mimi nikifukia ndizi shimoni ziive, natia moshi," akasema. "Moshi ukitokeza pembeni, najua shimo linavuja. Siongezi ndizi wala sipunguzi. Naziba."

"Mipira yote inayounga mabomba nimeikagua kwa macho."

"Shimo nalo ukilikagua kwa macho ni zima, ndugu yangu."

Akaenda kwake, akarudi na kopo la bati lililotobolewa, majani makavu ya mgomba na bua la jani la mpapai, lile lenye tundu kama mrija. Tukalisukuma gari hadi uani. Kopo tuliliweka mbali na injini kadiri bua lilivyoruhusu, kwa sababu hata historia hufundisha jambo moja au mawili kuhusu moto na petroli. Tukaziba mdomo wa kuingizia hewa kwa tambara, tukalipitisha bua katikati, naye akayawasha majani, akalipuliza kopo kwa pampu ya baiskeli.

Moshi uliingia, na kwa muda hatukuona kitu. Halafu chini kabisa, chini ya bana ya chuma iliyofunga mpira mmoja mnene, ukatokeza uzi mwembamba wa moshi mweupe. Nikailegeza bana. Mpira ulikuwa umepasuka chini yake, ufa wa urefu wa kidole. Miezi mitatu kompyuta ilikuwa inaipigia hesabu hewa iliyokwisha kumwagika barabarani, na mimi nilikuwa naigombeza kompyuta.

"Digrii ngapi vile?" akauliza jirani.

"Mbili."

"Ongeza ya tatu. Ya kuziba."

Tulikata kipande kilichopasuka, tukafunga upya. Majedwali yangu yote nikayafuta, nikarudi kwenye vipimo vya fundi. Jumamosi asubuhi jirani alikaa kiti cha pembeni na laptop mapajani, akinisomea namba za hewa na petroli kwa sauti ya mnadani, mimi nikipanda, nikisimama juu, nikirekebisha kidogo, nikishuka tena. Moshi mweusi haukuonekana. Ila jirani alikataa tupande hadi juu kwa kasi yote. "Hiyo mwachie mwenye mume," akasema.

Jumapili mke wangu alipanda akiwa na kitenge cha kanisani, mkoba magotini, uso wa mkaguzi. Bondeni niliingiza gia ya tatu, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Turbo ikapiga mluzi mwembamba, na gari likatubana kwenye viti kama lililokuwa linasubiri ruhusa tangu lizaliwe. Migomba ikawa ukuta mmoja wa kijani. Tukazipita bodaboda mbili na pikapu ya kahawa, tukafika juu bila injini kukohoa hata mara moja.

"Simama," akasema. Nikasimama. Akatoa simu, akampigia mnunuzi wa vyuma chakavu. "Kesho usije. Hapana. Haliuzwi." Kisha akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu.

"Hamia kule."

Nilianza kumweleza kwamba turbo huchelewa kidogo kuamka, kwamba asikanyage ghafla.

"Funga mkanda," akasema, akaligeuza gari kurudi bondeni ili aupande mlima tangu mwanzo.