Mlimao wa Mama Unageuka Njano

Mimi ni bibi shamba. Kazi yangu ni kuambiwa na watu kwamba mazao yao yanaumwa, kisha kuwaeleza yanaumwa nini, na mara nyingi kuwaeleza kwamba ugonjwa ni wao wenyewe. Huko Kwamsisi, Handeni, ninakozunguka na pikipiki ya kazi, wakulima wananijua kwa ulimi. Mtu akinitolea jani la njano mfukoni, kabla sijalishika namuuliza: limetoka chini ya mche au juu? Njano imeanzia pembeni au katikati? Mishipa bado ya kijani? Asipojua, namrudisha shambani akaangalie.

Basi mama aliponipigia simu kutoka Korogwe kusema mlimao wake unageuka njano, nilimhoji vilevile.

"Majani ya chini au ya juu?"

"Yalianza ya chini. Sasa hata ya juu."

"Samadi uliweka lini?"

"Mwanangu, nimekupigia unisaidie. Sijaja ofisini kwako."

Nilicheka, lakini nikaendelea kumpa maelekezo. Jua la Korogwe lilikuwa kali mwezi ule, kwa hiyo nikamwambia aongeze maji. Amwagilie kila asubuhi, asisahau. Nakumbuka nililirudia hilo mara mbili, kwa sauti ile ninayoitumia kwa wakulima wabishi.

Mwisho wa mwezi nilikwenda mwenyewe, na kiroba cha samadi ya mbuzi. Mama alikuwa akiishi peke yake katika nyumba aliyojenga na baba, na mimea yake ilipangwa barazani: mlimao kwenye ndoo kubwa iliyopasuka mdomo, waridi mbili na mshubiri kwenye makopo ya rangi. Niliyapindua majani kutafuta utitiri. Hakuna. Vidukari, hakuna. Nilipochimbua udongo nikaukuta umelowa chapachapa.

"Umemwagilia saa ngapi?"

"Asubuhi, kama ulivyoniambia."

Nikapata jibu. Matundu ya chini yameziba, maji hayatoki, mizizi inakosa hewa na kuoza. Nilitoboa matundu mapya kwa msumari, nikabadilisha udongo, nikanawa mikono nikijiona fundi kweli kweli. Mama alinipikia wali na mchicha, tukala, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye simu ikalia tena. Njano imerudi, na sasa hata mshubiri umelegea. Mshubiri! Mmea unaoweza kukaa miezi bila mtu kuutazama. Nilipanda basi siku ya pili yake nikiwa nimekasirika, na kwa kuwa nilihitaji mtu wa kukasirikia, nikamchagua jirani. Ni mama wa makamo ambaye hufulia karibu na baraza letu. Nilimfuata pale pale kwenye beseni, nikamwambia maji yake ya sabuni yanaua maua ya mama yangu.

Hakubishana nami. Alikamua nguo aliyoishika, akaianika, ndipo akasema, "Kaa na mama yako siku moja. Siku nzima."

Niliona ananikwepa. Hata hivyo nilikuwa na likizo, nikakaa.

Siku iliyofuata niliketi barazani na ungo, nachambua mchele. Saa moja asubuhi mama alitoka na kopo, akachota maji kwenye ndoo, akamwagilia: kwanza mlimao, kisha waridi, mwisho mshubiri. Kila mmoja akiuambia, "Haya, kunywa." Akafagia uwanja. Saa mbili akatoka tena na kopo. Nilidhani anataka kuliosha. Akamwagilia mlimao, waridi, mshubiri. "Haya, kunywa." Kabla adhuhuri haijafika alikuwa amefanya hivyo mara nne, kila mara kwa uangalifu ule ule, bila kumwaga tone nje, na kila mara akirudi ndani ameridhika kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Mara ya tano nilishindwa kuvumilia. "Mama, si umeshamwagilia?"

Alisimama. Akatazama kopo, akatazama sakafu ya baraza iliyolowa, kisha akanitazama mimi. Halafu akacheka. "Nilitaka kuona kama una macho."

Alicheka kwa mdomo tu. Usoni alikuwa na hofu, na hapo nikajua kwamba hili halikuwa geni kwake, alikuwa akilificha. Nilijisikia vibaya kupita kiasi. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze maji. Mimi ndiye niliyemwambia asisahau, na kwa wiki zote zile alikuwa akijitahidi asisahau.

Sasa nilijua kinachoumwa, na nilitamani nisingejua. Tulipomzika baba, mama alituomba kitu kimoja tu, sisi watoto wake: tumwache nyumbani kwake maadamu anajiweza. Kwangu Handeni, alisema, atakuwa mgeni, na mgeni hata chumvi huomba. Tulikubali. Ila hatukusema ni nani atakayeamua siku ambayo hajiwezi tena. Nilikaa siku nne nikimwangalia kama ninavyoangalia shamba la mtu, na nilijichukia kwa hilo. Mara mbili niliipua sufuria tupu iliyokuwa ikiungua juu ya mkaa, na yeye amekaa chumbani anakunja kanga.

Usiku wa siku ya nne nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Asubuhi nikatoka nayo mdomoni, lakini mama alikuwa amenitangulia barazani. Alikuwa ameinamia mlimao. Alizamisha kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, akakitoa, akakinusa.

"Nani anamwagilia haya maua?"

Nilitazama kopo lake.

"Nakuuliza wewe. Udongo unanuka, mizizi imeshaoza. Hii siyo mbolea, siyo wadudu. Kuna mtu anayaua kwa maji."

Nilisomea kilimo miaka miwili, nikaja mara mbili na msumari na samadi, na hilo lilinipita. Yeye alilijua kwa kidole kimoja. Macho yake yalikuwa makali, yananisubiri, na hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia.

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Alinigombeza! Na ukubwa wote huo, na shule yote ile! Alianza kwa Kiswahili, hasira zilipomzidi akahamia Kishambaa, kama zamani nilipomwaga maziwa. Akanishika mkono, akakisukuma kidole changu mwenyewe udongoni. "Unasikia ubichi? Ukiusikia, acha. Ngoja siku tatu, nne, pakauke. Nilikufundisha hili hujajua hata kusoma. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usirudie."

"Sirudii."

Nilifurahi, sitasema uongo. Kidole changu kikiwa ndani ya tope, mkono wake umenikaza kiganja, mama alikuwa mzima kabisa na mjinga nilikuwa mimi, na ningeomba anigombeze hadi jioni.

Aliniachia. Akajifuta vidole kwenye kanga, akautazama mlimao kwa huruma, akaondoa jani moja la njano lililokuwa linaning'inia. Kisha akainama, akachota maji kwa kopo.

"Haya, kunywa," akauambia.

Sikumzuia. Niliingia ndani kufungasha nguo zake za safari ya Handeni.