Dominiko Achagua Grenda kwa Masikio

Mume wangu Dominiko hanunui kitu mpaka akisikilize. Sufuria ataigonga kwa kucha. Jembe ataliinua juu alipige kwa funguo za mlangoni. Siku tuliyokwenda kununua godoro alilipigapiga kwa kiganja, akainamisha sikio, wauzaji wakatazamana, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuona aibu hata kidogo. Alisema lile la kwanza lilikuwa na sauti ya kuchoka, tukachukua la pili.

Simlaumu sana, maana masikio hayo ndiyo yaliyotulisha. Dominiko ni fundi wa kengele za ng'ombe hapa Mazinde. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, na yeye akakulia kwenye karakana ya shamba, akijifunza kuchomelea reli za vitoroli vya kubebea majani. Kazi za shamba zilipopungua akauhamishia ufundi wake uani kwetu: banda la mabati, fuawe, jiliwa la kubania chuma na tupa zake za kila saizi. Halafu mfugaji mmoja akamletea kengele iliyopasuka. Dominiko alikaa nayo akiigonga na kuisikiliza hadi chai ikapoa, na toka siku hiyo nikawa nimeolewa na mtu ambaye nusu yake iko duniani na nusu iko ndani ya kengele.

Kengele huikata kutoka kwenye jembe lililochakaa, akalikunja, akachomelea kingo. Hiyo ni kazi ya mtu yeyote. Kazi yake yeye ni mdomo wa kengele, ule ukingo wa chini. Ukiuacha mnene, kengele inaguna. Ukiupunguza kupita kiasi, inalia kama kopo la maziwa. Alikuwa akiusugua kwa tupa taratibu, anagonga, anasikiliza, anasugua tena, mpaka sauti inajitokeza yenyewe. Na hapa kwetu hakuna anayenunua kengele kwa macho. Mnunuzi hukaa kwenye gogo la uani, anageuza mgongo, na mwenzake anaondoka na kengele akiitikisa mpaka anapotelea kwenye mistari ya mkonge. Sauti ikimfikia vizuri akiwa amefumba macho, anainuka na kulipa. Isipomfikia, anaaga tu.

Miaka yote hiyo ya tupa ikamla kifundo cha mkono wa kulia. Kikavimba, vidole vikawa vinatetemeka hata akishika kikombe. Daktari alimwambia waziwazi: aiache tupa, la sivyo mkono huo hautashika kitu tena. Dominiko akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za jirani.

Ndipo akaja Mzee Loishiye, Mmasai mrefu ambaye hacheki ovyo. Alikuwa amebeba vipande vya kengele ya ng'ombe wake kiongozi, kengele aliyotengenezewa na Dominiko zamani, Ritha wetu akiwa bado anatambaa. Ilikanyagwa kwenye mawe ikavunjika kabisa.

"Kiangazi imefika," alisema. "Mimi nahama kwenda upande wa Handeni. Lakini ng'ombe yangu hawafuatani. Huyu anakwenda huku, yule anapotelea porini. Wanatafuta ile sauti. Nitengenezee ile ile, Dominiko. Kama mkono umekataa, sema tu, nitafute mtu mwingine."

"Nitaiweza, mzee," Dominiko akasema.

Mzee alipoondoka, mume wangu alibaki akiviangalia vile vipande. "Mama Ritha," akaniambia, "hii ikinishinda, nafunga banda. Tupa siwezi tena. Nataka mashine."

Tukaenda Korogwe, duka moja la vifaa kule Manundu. Kijana muuzaji, anaitwa Shukuru, alitupokea kwa shikamoo mbili nzuri na kutupangia grenda, mashine za kusaga na kukata chuma, juu ya meza. Ndogo, za kati, moja kubwa ya inchi tisa, na ile ya kufungwa mezani yenye mawe mawili, moja huku na jingine kule. Akaanza kueleza nguvu ya kila moja. Dominiko akamkatiza.

"Ziwashe, mwanangu. Moja moja."

Akageuza mgongo, akafumba macho. Niliona kinachokuja. Shukuru akawasha ya kwanza, ikapiga yowe kama mbu. Dominiko akatikisa kichwa. Ya pili, hivyo hivyo. Ile ya mezani ilivuma kidogo tu, akasema ina usingizi. Shukuru alipowasha ile kubwa, duka zima likatetemeka, na uso wa mume wangu ukalainika kabisa.

"Hiyo," akasema. "Hiyo inaimbia kifuani."

"Baba Ritha, hebu ishike kwanza," nikamwambia. "Pima na uzito wake. Mkono wako huo!"

"Hebu nyamaza nisikilize."

"Mzee, hii ni ya kukatia zege na vyuma vizito," Shukuru akajaribu. "Kwa kazi ndogo ya nyumbani..."

Hakusikia. Mtu anayesikia ng'ombe akiwa ng'ambo ya mashamba, hakutusikia sisi tuliosimama pembeni yake. Tukarudi Mazinde na lile dude, na jiwe lake nene la kusagia, na mimi nimenuna njia nzima.

Kengele ya kwanza iliteketea kabla sijamaliza kuchambua mchele. Mashine iliruka, ikauma mdomo wa kengele, chuma kikageuka rangi ya samawati kwa moto. Dominiko akaigonga. Kopo la maziwa. Ya pili aliishikilia kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka, kifundo kimemvimba kama andazi, na ile nayo ikaliwa upande mmoja. Akazima mashine. Akaanza kukusanya tupa zake na kuzifunga kwenye gunia.

Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu hapa mtaani anajua. Lakini hasira iliyonipanda siku ile haikuwa ya kugomba. Nilimwangalia mtu wangu akifunga gunia, nikaona kwamba akishafunga lile fundo, nitaishi na nusu iliyobaki tu, ile nusu isiyosikiliza kitu. Niliogopa. Nikalibeba lile ligrenda, nikavaa ndala, nikapanda gari la Korogwe peke yangu.

Shukuru aliponiona akacheka. "Nilijua mtarudi, mama."

"Usinicheke. Nibadilishie, na leo nachagua mimi."

Nilichagua kwa mkono. Nilishika kila moja, nikaiinua, nikaishusha, nikaizungusha kama ninavyozungusha mwiko. Ile ya mezani nikaiacha, kwa sababu ndani ya mdomo wa kengele mawe yake yasingefika. Nikataka ndogo inayoenea kiganjani, yenye mpini wa pembeni, yenye swichi ambayo kidole kinaifikia bila kuhangaika, na yenye kidude cha kupunguza mwendo, maana haraka ndiyo iliyotuunguzia chuma. Kava ya kuzuia cheche nikaitingisha kuona kama imekaza. Halafu diski. Ile nyembamba ya kukatia nikaichukua kwa ajili ya majembe. Jiwe la kusagia nikalirudisha kwenye rafu. Shukuru akanionyesha diski ya msasa, vipande vya msasa vimepangwa mviringo kama magamba ya samaki, nikapitisha kidole juu yake. Nikachukua ya kukwaruza kidogo na ya laini kabisa, na brashi ya waya ya kuondolea kutu, na miwani.

"Wewe mama ni fundi?" Shukuru akauliza.

"Mimi nasokota kamba za mkonge," nikamjibu. "Funga vizuri."

Nilipofika nyumbani nikaiweka ile grenda mapajani mwa Dominiko. Akaiwasha. Mtetemo wake ulikuwa mdogo, lakini vidole vyake vikaanza kuruka pamoja nao, na kengele ikawa inagongana na diski. Akaizima. Tukatazamana. Hakuna grenda duniani ambayo ingemfaa, na sote wawili tulilijua hilo kwa wakati mmoja.

Nikavua kanga, maana kitambaa kinachoning'inia na mashine ya kuzunguka havielewani. Nikavaa suruali yake ya kazi, nikafunga mkanda kwa kamba, nikavaa miwani. Nikaibana kengele ya tatu kwenye jiliwa.

"Wewe sikiliza," nikamwambia. "Mimi nasugua."

Sijui niseme vipi jinsi mchana ule ulivyokwenda. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Usambara ukalala juu ya mkonge, mistari yote ikawa kama inaelea. Nilikuwa nagusa mdomo wa kengele kidogo, nazima, tunasubiri. Kengele yenye moto inadanganya, sauti yake inashuka, kwa hiyo unailaza mchangani mpaka ipoe kwa hiari yake. Maji hapana, maji yanaishtua. Vumbi la chuma lilining'inia hewani likimeta. Dominiko alikuwa amekaa kwenye gogo, amefumba macho, akiitafuta kichwani sauti ya ile kengele ya zamani, na mimi taratibu nikajikuta nimefumba yangu pia. Nikawaona ng'ombe ambao sijawahi kuwaona, wanatembea kwenye nyasi ndefu upande wa Handeni, migongo tu ndiyo inayoonekana.

"Bado," anasema Dominiko.

Nagusa tena. Diski ya msasa inapita laini kama kidole kinachopaka mafuta.

"Bado. Upande wa kushoto una uzito."

Nikaanza kusikia. Nimeishi na mtu huyu miaka yote, nikadhani kengele zote zinasema ng'ang'a, basi. Kumbe kila moja ina sauti ya juu na nyingine chini yake, kama mtu na kivuli, na kazi yote ni kuvifanya vitembee pamoja. Nilisikia kivuli kinachelewa. Nikasugua, nikazima, tukasubiri, nikagonga.

"Hapo," tukasema wote wawili.

Mzee Loishiye alikuja mwenyewe na ng'ombe wake wote, wakajaa njiani mpaka kwa jirani. Hakukaa kwenye gogo. Alimfunga kengele yule kiongozi, ng'ombe mkubwa mwenye baka jeupe shingoni, akampiga kofi la mgongo. Ng'ombe akaanza kutembea. Kengele ikalia. Kwanza hakuna kilichotokea, wengine waliendelea kula ukoka wa watu. Halafu mmoja akainua kichwa. Halafu wengine. Wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaingia nyuma ya ile sauti bila mtu kuwachapa, wakaanza kupotelea kwenye mkonge.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho kabisa. "Mkono yako haijapotea, Dominiko," akasema.

Ningenyamaza. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, nimeshika ungo wangu kama mke wa fundi.

"Mkono si wangu, mzee," Dominiko akasema. "Ni wa huyu."

Mzee Loishiye akanitazama kwa muda mrefu, mimi na ile suruali ya kazi, kamba kiunoni. Kisha akanisogelea, akaniomba niweke ungo chini. Akaishika mikono yangu miwili, akaigeuza viganja vikaangalia juu, akainama, akavitemea mate kidogo, kwanza kimoja, kisha cha pili, huku akisema maneno ya Kimasai kwa sauti ya chini kama anayeongea na mtoto. Hivyo ndivyo wanavyobariki wao.

Mimi huyu, ambaye mtu akipiga chafya karibu na unga wangu namfukuza uani! Aliondoka kuwafuata ng'ombe wake. Dominiko akanyoosha kitambaa anipe nijifute. Nikamwambia akiweke. Nikabaki nimesimama uani, viganja wazi, mpaka vikakauka vyenyewe.