Upande wa Kushoto wa Mzee Masolwa

Siku ya kwanza Batuli kununua asali kwa mzee Masolwa wa Nzega, aliipindua ndoo juu chini, atazame kiputo cha hewa kinavyopanda. Kilipanda kwa kujikokota: asali nzito, haina maji. Bado akaionja. Biashara ilikuwa imemfundisha kwamba muuzaji asiyebishana bei ana lake jambo.

"Onja hadi ushibe, mama," mzee akacheka. "Nyuki wangu hawajui kuchanganya."

Waliuziana misimu kadhaa. Kisha mzee akapigwa na kiharusi. Mkono ulirudi, ulimi ukarudi, lakini ndoo zilizofika dukani kwa Batuli, mtaa wa Cheyo, nyingine zilikuwa zimechacha. Akamfuata hukohuko Nzega.

"Kushoto kwangu sioni, mama. Jicho hili na hili, nusu ile haipo. Tukichambua ndoo, kaa upande huo uwe jicho langu."

Batuli akaguna. Upofu gani huu unaopitisha ndoo mbovu tu? Akanyata hadi kushoto kwake, akamrushia mfuniko. Mzee akainamisha kichwa, mfuniko ukampita.

"Ahaa! Huoni, umeukwepaje?"

"Nimekwepa nini?"

"Twende kwa daktari, hospitali ya Kitete. Mwongo ataumbukia huko."

Daktari Julieth alimpima mzee, akaziangalia na picha za kichwa.

"Macho mazima. Kilichoumia ni ubongo. Seli hupokezana habari za macho, kama wapagazi wanaopeana mzigo, mpaka kisogoni. Ndipo mtu anajua kwamba ameona. Kisogo cha kulia hupokea mambo ya kushoto. Chake kimeharibika."

"Na mfuniko?"

"Kuna njia ya uchochoroni isiyopita huko. Kwa wengine hubaki, ikaushtua mwili bila mwenyewe kuambiwa. Hata kima walioumia hapo wamepimwa, wakaonekana wanakwepa vitu."

"Heri kima," mzee akasema. "Hakuna aliyemwita mwongo."

Batuli hakuomba radhi. Msimu uliofuata alikwenda Nzega mapema, akamwamkia mzee, akavuta kigoda kushoto kwake. Pana mtu tayari: Minza, mke wa mzee, anafungua ndoo moja moja na kuinusa.

Mzee akapiga kofi kigoda cha kulia. "Wewe hapa, mama. Mahali ninapoiona mikono yako."

Asali aliyorudi nayo Cheyo haikuwa na hata ndoo moja iliyochacha. Ila aliyeichagua ni Minza, na bei aliitaja Minza, naye huishusha kwa kujikokota kuliko kile kiputo.