Rafu ya Njia ya Wampembe

Baba yangu, Polikarp, alikaa miaka kumi na mitatu kwenye benchi la mwisho kanisani, jirani na mlango, pale ambapo baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba huingia bila hodi na kukugandisha masikio. Hakupangiwa na mtu. Alitoka jela mwishoni mwa mwaka themanini na tatu, akaja ibadani Jumapili iliyofuata, akakaa pale, na watu wakaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na wao. Nafasi ile naichukia mpaka leo.

Kabla ya hapo alikuwa katekista wa kigango chetu, katika kijiji kilicho nyuma ya Pito, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Padre alikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyeongoza ibada, na jioni aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwenye ukuta wa magharibi, jua linapopiga. Alikuwa mpole mno, mpole wa kuudhi. Mtoto akikosea sala, baba anaanza naye upya kana kwamba aliyekosea ni yeye. Ng'ombe hakuwa nao, na shamba lake la ulezi lilikuwa kama la mtu yeyote. Kilichomwamsha alfajiri akiimba ni wale watoto.

Sasa, wiki ileile aliyokamatwa, sanduku la sadaka na kengele ndogo ya altare vilipotea. Habari zilitufikia kijijini vipande vipande: Polikarp kakamatwa, Polikarp yuko mjini, Polikarp kafungwa miezi sita. Watu wakaichukua jela ya mjini na sanduku la kanisani wakavishona pamoja, basi, nguo ikavalika. Mwizi wa kanisa. Aliporudi hakusema ndiyo wala hapana. Nikimuuliza mama, Mungu amrehemu, anasema, "Muulize baba yako." Nikimuuliza baba, ananiuliza kama nimekula.

Jamani, hasira niliyokuwa nayo! Mtu anasengenywa, kimya. Flavian, aliyeshika ukatekista baada yake, anasoma amri ya saba huku macho yake yako mlangoni, na baba kimya, kofia magotini. Nilikua na hasira hiyo mpaka nikahamia nayo mjini, nikafungua meza yangu sokoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Vitu ambavyo utotoni mwangu vilitafutwa kwa tochi vilikuwa vimemwagika hadi barabarani: kanga, mafuta ya kupaka, sabuni za kunukia kutoka Zambia. Mimi nilikuwa nauza hizo sabuni.

Mwaka tisini na sita Flavian akahamia Muze kwa mwanawe, na watoto thelathini wakabaki bila mwalimu. Macho ya baba yalishaanza kuingia ukungu, lakini mafundisho yote yalikuwa kichwani. Akaenda kwa padre mpya, akaomba awafundishe. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Wazee wa kigango wakaguna. Padre, kijana asiyependa maneno mengi, akakata shauri:

"Aliyefungwa na mahakama, karatasi yake iko mahakamani. Leteni hukumu, isomwe mbele ya watu Jumapili nitakayokuja. Kama hakugusa mali ya kanisa, Jumatatu anaanza. Kama aligusa, tusisumbuane tena."

Nilidhani baba atashukuru. Badala yake, nilipokwenda kijijini, nilimkuta ameketi jikoni, mikono imelegea.

"Nimeacha," aliniambia. "Watafute mtu mwingine."

"Baba, uliiba?"

"Hapana."

"Sasa karatasi unaiogopea nini?"

"Hellena, umekula?"

Nilitoka nje nikaipiga ndoo teke, ikabingirika mpaka kwa jirani. Kesho yake nikaenda mahakamani bila kumwambia.

Masjala ilikuwa chumba cha nyuma, dirisha likitazama mikaratusi, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye kioo. Karani alikuwa mzee anayeitwa Kasmir, mwenye sweta la kijani lililotiwa viraka viwikoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza namba ya kesi.

"Sina, mzee."

"Tarehe?"

"Najua mwaka tu. Themanini na tatu."

Nilisubiri anifukuze. Wala. Alikunja mikono ya sweta kama mtu anayekwenda kukanda ugali.

"Hakuna mtu wa huku anayekuja na namba," alisema. "Anakuja baada ya miaka kumi, namba imeliwa na panya pamoja na shati. Lakini njia aliyoipita siku ya kesi hajaisahau hata mmoja. Kwa hiyo mimi napanga kwa njia. Hii rafu ya Muze, ile ya Pito, ile kule ya Wampembe, ziwani. Na ndani ya rafu napanga kwa kilichokuwa shambani. Mkaguzi mmoja alikuja hapa akanigombeza nusu siku. Halafu akataja faili analolitaka, nikampa kabla hajamaliza kukohoa." Akavuta kiti. "Siku ya hukumu ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje. Nilikuwa na miaka tisa."

"Fumba macho. Tembea."

Nikaona haya, mtu mzima kufumba macho ofisini! Lakini nikafumba, na ajabu, njia ikaja. Ikaja kwanza miguuni, baridi ya umande, kisha nyasi zikaja, ndefu kunipita, na mgongo wa mama mbele yangu ukiwa na Steven, mdogo wangu, aliyekuwa hana hata miezi miwili. Pande zote mbili watu walikuwa wanalima matuta ya ntumba, wanafukia nyasi chini ya udongo ili zioze, na matuta yale ya duara yalikwenda, yakaenda, mpaka yakaingia mawinguni. Hakuna aliyetusalimu. Walisimama na majembe yao, wakatuangalia tunavyopita, na mimi niliona kama sisi ndio tumesimama na wao ndio wanaoelea. Pito tulipita watu wanachemsha chai. Mama hakugeuka.

"Ntumba zilikuwa zinamalizikia," nilisema. "Mvua zilikuwa za mwisho mwisho."

"Rafu ya Pito," alisema Kasmir. Nilimsikia akifungua mafurushi, kamba ya katani ikikwaruza. Alifungua moja, la pili, la tatu.

"Halimo."

Nikaona Jumapili imekwisha, baba karudi mlangoni mpaka afe.

"Ngoja," alisema mzee. "Pito ulipita wewe. Mshtakiwa aliletwa kwa njia gani?"

"Sijui. Alikuwa amesafiri."

"Ulimwona siku ile?"

"Walimpitisha karibu yetu."

"Basi usifumbue. Alikuwa na harufu gani?"

Nikarudi kule ndani. Uwanja wa mahakama, jua jeupe, Steven mapajani mwangu anatafuta ziwa ambalo sina. Baba akapita kati ya askari wawili. Alitaka kuninyooshea mkono, pingu zikamkatalia, akainama ili nimshike shavu. Shati lake lilinuka moshi. Lilinuka migebuka.

"Migebuka," nilisema. "Samaki wa ziwani."

Kasmir alikwenda moja kwa moja mwisho wa chumba, rafu ya Wampembe, na aliporudi alikuwa na jalada la rangi ya chai. Nikalia pale pale kwa furaha.

Alilisoma yeye kwanza, amesimama. Akafika mahali akanitazama, akarudia kusoma.

"Hukumu ni ukurasa mmoja," alisema taratibu. "Huu unamtosha padre. Kurasa za ushahidi si lazima, binti yangu."

"Nipe zote."

"Kuzisoma ni haki yako. Zilisemwa mbele ya watu, ni za watu. Nakwambia tu kwamba si lazima."

Nikapokea. Ukurasa wa hukumu ulisema mshtakiwa alikutwa njia ya Wampembe na miche kumi na miwili ya sabuni na kanga doti mbili, bidhaa za ng'ambo, bila kibali. Kifungo, miezi sita. Nilicheka kwa sauti, Kasmir akashtuka. Sabuni! Kitu ninachopanga mezani kila asubuhi huku nasalimiana na askari! Mtu kafungwa kwa ajili ya sabuni, kanyamaza, kaitwa mwizi wa Mungu. Baba, baba, ulikuwa na kichaa gani?

Ndipo nikafunua ukurasa wa pili. Ulikuwa ushahidi wa mgambo mmoja, ambaye hakuwa wa kijijini kwetu.

"Siku ya Jumanne nilipita kisimani nikamkuta mtoto wa mshtakiwa, aitwaye Hellena, umri miaka tisa, anafua nepi kwa sabuni ya kunukia. Nilimsifu kwa usafi. Akaniambia baba yake amekwenda Wampembe kuleta nyingine na atarudi Alhamisi. Tukamngoja njiani."

Nilimkumbuka. Miaka yote sikuwahi kumkumbuka, na sasa yule pale, anakunywa maji katika kibuyu changu, anasema mtoto msafi namna hii ni wa nani. Nilijisikia vizuri mno siku ile. Nilimwambia kila kitu, nikamwongezea na maji.

Nilihisi chumba kinakwenda polepole, kama kimepakiwa kwenye mkokoteni. Kumbe ndiyo maana. Angefungua mdomo kusema ni sabuni, watu wangeuliza nani kamchoma, na njia ingefika kisimani, kwangu. Akaona heri waseme kaiba sadaka. Na mimi nilimkasirikia, nikampigia ndoo mateke. Niliona aibu, na nilimpenda mpaka kifua kikaniuma.

"Nikunakilie ukurasa upi?" Kasmir aliuliza, kalamu mkononi.

"Zote mbili, mzee."

Akanakili kwa mkono, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa hadi waliosimama nje madirishani. Padre alinyoosha mkono apokee karatasi. Nikamwambia nitasoma mwenyewe. Nikasoma hukumu, miche ya sabuni na doti za kanga, na neno sanduku halikuwemo, na neno kengele halikuwemo. Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Sabuni tu? Sabuni hizi hizi?" Padre akatabasamu, akanipa ishara kwamba imetosha.

Ilikuwa imetosha kweli. Ningekunja karatasi, ningekaa, na baba angekuwa mwalimu kesho yake. Lakini nilimtazama kule nyuma, nikafungua karatasi ya pili. Baba macho hayaoni vizuri, ila alisikia.

"Hellena," aliita kutoka mlangoni. "Inatosha hapo, mwanangu. Usiendelee."

Nikaendelea. Nikasoma Jumanne, nikasoma kisima. Nikasoma, "Mtoto wa mshtakiwa, aitwaye Hellena." Kanisa zima likageuka kunitazama, na mimi nikaishia hapo, kabla ya kufika umri.

Baba alikuwa amesimama. Mzee yule mpole, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hakupandisha sauti mbele ya mtu, alipiga benchi kwa kiganja mpaka watoto wakaruka.

"Soma na miaka yake!" alisema kwa ukali. "Iko hapo imeandikwa. Alikuwa na miaka tisa. Mtu yeyote humu ndani asimwambie neno mwanangu. Alikuwa na miaka tisa tu!"