Vishimo Vinne vya Bi Pindo

Shangazi yangu alishona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla yake alishona pale mama mkwe wake, kwa cherehani hiyo hiyo ya kukanyaga. Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, maana kazi iliyomlisha ni kupinda suruali za watu waliotoka dukani sasa hivi na wanazitaka sasa hivi. Mimi nauza vifungo na zipu hatua nne kutoka alipokaa, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu. Atakayesema natia chumvi aje aniulize.

Mtaa wetu ni wa zamani, wa nguzo nene na roshani za mbao, na maisha yake yako chini, vibarazani. Kuna fundi saa, kuna mshona viatu, kuna mwenye magodoro anayelala juu ya bidhaa zake na kudai anawaonyesha wateja. Bi Pindo alikaa kati ya nguzo ya pili na ya tatu, na pale miguu ya cherehani ilikuwa imechimba sakafu, kila mguu na kishimo chake. Asubuhi tukiitoa stoo na kuishusha, iliingia vishimoni yenyewe na haikutikisika tena.

Kisha wakaja watu wa mambo ya kale. Ofisa wao, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alitutangazia kwamba mtaa utakarabatiwa, na kwamba wiki ijayo atakagua vibaraza ili ijulikane nani atabaki na nani atahamia jengo jipya nyuma ya stendi. Hakusema atakagua nini. Hapo ndipo tulipoponzeka.

Bi Pindo kwa usafi hana mchezo. Mkaguzi kwake ni mgeni, na mgeni hapokelewi kwenye sakafu yenye mashimo. Jumapili akamleta mwashi, vishimo vikazibwa, kibaraza kikalainishwa kati ya nguzo na nguzo, yeye mwenyewe akapiga deki hadi kikang'aa. Nilimsifu. Nalisema hili wazi kwa sababu sehemu ya lawama ni yangu.

Jumatatu ofisa alikuja na futi kamba. Kwa fundi saa alipapasa meza iliyolika pale anapoegemeza kiwiko, akatabasamu, akaandika. Kwa mshona viatu alipiga magoti kutazama jiwe la kugongea nyundo, limebonyea katikati, akapiga picha tatu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi yake iliyopotea. Alipofika kwa Bi Pindo akagusa saruji mpya, akauliza hapa palikuwa na nini.

"Vishimo vya cherehani, mwanangu. Nimeviziba ili usije ukaona uchafu wetu."

Ofisa akafumba macho kidogo. "Mama, hivyo vishimo ndivyo nilivyokuja kutafuta."

Anayebaki, akaeleza, ni yule ambaye mahali pake pana alama za kazi ya nusu karne. Tulimzunguka tukishuhudia, kila mmoja kwa sauti yake, lakini fomu yake haikuwa na nafasi ya mashahidi. Mwashi aliitwa arudi kuibandua ile saruji. Bahati mbaya, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameweka ya kutosha, ikang'oka pamoja na sakafu ya zamani. Kikabaki kifusi, na Bi Pindo akakizoa mwenyewe.

Alihamia ghorofa ya tatu ya jengo jipya. Nani apande ngazi zote zile kupinda suruali? Nilipomtembelea nilimkuta anapaka mafuta cherehani ambayo haikuwa imechoka. Nilimwonea huruma mpaka nikaingiwa na hasira, nikataka kwenda kumpa yule ofisa vidonge vyake. Akanikataza.

"Huku juu nasikia cherehani peke yake," alisema. "Sijazoea. Mwezi ukiisha hivi, nitaiuza."

Ukarabati ukaisha. Mtaa ulipendeza, siwezi kusema uongo. Siku mbili kabla ya uzinduzi ofisa alimpandia Bi Pindo hadi ghorofa ya tatu, akihema, na ombi. Walikuwa wamenunua cherehani ya zamani, wameiweka kati ya nguzo ya pili na ya tatu, imezungushiwa kamba nyekundu. Je, mama angekubali kuja kuikalia, wageni waone mafundi walivyokuwa wakikaa? Akauliza kama atashona. Ofisa akamjibu kwamba hapana, ni kukaa tu. Mimi damu ilinichemka. Bi Pindo aliuliza saa ngapi aje.

Siku hiyo alikaa ndani ya kamba, wageni wakapiga picha. Cherehani iling'arishwa vizuri, haikuwa na sindano. Mara mzee mmoja akatoka dukani na suruali inayoburuza chini, akainama juu ya kamba na kumwuliza shangazi, kama watu walivyomwuliza miaka yote, kama anaweza kuipunguza sasa hivi. Bi Pindo akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akaifunga mahali pake, akanyoosha mkono kwangu bila kutazama. Nikampa uzi mweusi.

Ofisa alifika mbio. "Mama, hiyo ni ya maonyesho."

Mguu haukusimama. "Mwenye suruali yuko nyuma ya mlango, mwanangu, amejifunga kitambaa. Nimwite atoke hivyo hivyo mbele ya wageni wako?"

Ofisa akautazama mlango, akawatazama wageni. Nyuma yake tayari walikuwa wamesimama watu wanne, suruali mikononi, mmoja wao mgeni wa heshima kabisa. Akauliza kwa sauti ya chini itachukua muda gani.

"Hii, dakika tano. Za hawa, mpaka jioni. Na kesho nafungua saa mbili."

Ofisa akaifungua kamba nzima, akaikunja, akanipa mimi nimwekee. Ninayo mpaka leo, chini ya boksi la zipu.