Sina Nini?

Mpaka leo nikipita Dunda kuna watu wananiita Asilimia, wala sikasiriki, maana aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa ndoa ya Rehema, binti wa mama yangu mdogo anayeishi hapo hapo Dunda. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo walii wake ni kaka yake Salum, aliyeko Maskati kikazi, na sheikh (ndiye aliyemsomesha Salum chuoni, sauti yake anaijua) alitaka amsikie mbele ya mashahidi akitoa idhini ya kuozesha. Simu ingetosha kabisa. Lakini mimi, mjuaji wa ukoo, nikasema wazee watasongamana kwenye kioo cha simu, nitaleta laptop.

Sasa, wiki tatu nyuma fundi alikuwa amenibadilishia betri akanionya: "Kaka, namba ya chaji usiiamini kwanza. Ijaze mpaka juu, itumie mpaka ijizime yenyewe, halafu ijaze tena bila kuchomoa, ndipo kompyuta ijue betri imebeba kiasi gani. Sasa hivi inakisia tu." Nikaitikia ndiyo ndiyo, kisha nikawa nachaji nusunusu kila siku. Hata mama mdogo aliponiletea waya wa umeme pale barazani nilimrudisha: "Utaharibu mandhari, mama. Ina asilimia hamsini na nane, inatutosha na chenji inabaki."

Wageni wa bwana harusi, Juma, walikuwa wametoka Kiwangwa tangu alfajiri, wamejaa mkekani na kanzu zao. Salum akatokea kwenye kioo, wazee wakafurahi, kichwa changu kikavimba. Sheikh akamuuliza, Salum akakohoa kidogo: "Mimi Salum, kuhusu dada yangu Rehema kuolewa na Juma, sina..."

Kioo kikawa cheusi.

Sina nini? Na ubaya ni kwamba ukoo mzima ulijua Salum aliwahi kusema dada yake haendi kulima mananasi Kiwangwa. Mzee mmoja wa upande wa Juma akaanza kutafuta viatu vyake. "Tumeitwa kuja kukataliwa?" Ndani Rehema akaangua kilio, nikamsikia hadi barazani. Mimi nabonyeza kitufe, jasho linadondokea herufi, naapa, "Ilikuwa imeshuka hadi hamsini na nne tu, wallahi hamsini na nne!" na watu wananitazama utadhani ndimi niliyemkataa Juma. Napiga simu ya Salum, haipatikani. Mama mdogo akatoka na waya ule ule, akauweka miguuni pangu, nikatamani ardhi ipasuke. Juma akaniinamia, akauliza polepole: "Kaka, alitaka kusema hana nini?"

Niliogopa kweli kweli, nikaona nimemvunjia mtoto wa watu ndoa.

Ndipo kitochi cha sheikh, kile kisimu cha vitufe, kikaita mfukoni mwa kanzu. Salum, kwa simu ya kuazima! Sheikh akaweka sauti ya juu. "Mbona mmenikatia, sheikh? Nasema sina pingamizi, muozeshe!" Sheikh akamrudisha aseme yote upya, mashahidi wakasikia, na yule mzee akavua viatu alivyokwisha kuvaa.

Rehema alipoagwa alinivuta sikio: "Kaka, hiyo asilimia yako ingenipa talaka kabla ya ndoa."

Kesho yake nilifanya yote aliyoniambia fundi. Lakini namba siitaji tena mbele za watu: nikiulizwa laptop ina chaji kiasi gani, nasema leteni waya kwanza.